Dole Gumba Kwanza

Jumatatu, 7 Oktoba 2013

Mvua imenyesha tangu alfajiri na paa la ofisi linavuja palepale pa mwaka jana, juu ya droo ya kumi na saba. Nimesogeza kabati, nimeweka beseni, nimeendelea na kazi. Daftari langu la zamani ndilo lililolowa, kwa hiyo naanza hili.

Kwa yeyote atakayeliokota: naitwa Serah Lotiki. Mimi ni Mdidinga, wa watu wa milima ya Chukudum. Tu wachache kiasi kwamba hapa Juba nikitaja kabila langu huulizwa kama hilo ni la Kenya au la Uganda. Nimekulia ukimbizini Kitale, nimesomea alama za vidole Nairobi, na uhuru wa Sudan Kusini ulipopatikana mwaka 2011 nilifunga virago wiki ileile nikarudi kwetu. Nafanya kazi katika polisi lakini mimi si askari. Sina nyota begani, sina buti, hakuna anayenipigia saluti. Mlinzi wa getini aliyeajiriwa juzi huniambia, "Ngoja hapo, mama." Nangoja. Kisha siku akipoteza kitambulisho huja kwangu amekunja mikono, nami namwambia, "Ngoja hapo, baba."

Ofisi yangu ina vyumba viwili, kadi elfu nne mia moja na kumi na mbili, na kanuni moja. Kadi ni za polisi wenyewe, za waliowahi kukamatwa, na za raia waliokuja kutafuta cheti cha tabia njema. Kanuni ni hii: anayetaka kuona kadi ya mtu, awe nani, huweka kwanza dole gumba lake la kulia kwenye kitabu cha wageni. Tarehe, saa, kadi anayoomba, dole. Bila dole hakuna droo.

Leo Meja Marial ameweka dole mara tatu, na mara zote tatu amefuta wino kwenye pazia langu.

Jumatano, 9 Oktoba

Huyu Marial ni mkuu wa kitengo chetu. Ni Mdinka, mrefu hadi huinama mlangoni, na mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Viwili vilibaki msituni wakati wa vita vya zamani. Kiswahili alikipata Kenya, kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Leo amesimama katikati ya makabati yangu kama mtu anayenunua nyumba.

"Ya Serah, hii kadi wewe napanga namna gani?"

"Kwa vidole, afande."

"Vidole ni vidole. Panga kwa kabila. Mimi nashika Mtoposa, naita sultani ya Toposa, anakuja, anasimama kwa mtu yake. Kalas. Sasa mimi natafuta wapi?"

Simlaumu sana. Ndivyo mambo yanavyokwenda hapa. Mtu akikamatwa, mkuu wa kabila lake ndiye huja kumsimamia, na kesi nyingi huishia hapo kwa maneno na mbuzi. Lakini nikamweleza kwa mara ya mia kwamba majina ya Juba hayashikiki. Nina Lado mia mbili. Mtu mmoja ana jina la ubatizo, jina la ng'ombe wake ampendaye na jina la msituni, na hutumia lile linalomfaa siku hiyo. Kidole hakina jina la pili. Naangalia vidole kumi, nahesabu vyenye mzunguko na vyenye kitanzi, hesabu inanipa namba, namba inaniambia droo. Niletee mikono miwili, baada ya dakika mbili nakupa kadi.

"Na kama mimi hapana kumi?" akauliza, akiinua kushoto kwake.

"Hapo naandika 'kimekatwa' na naendelea."

Akacheka. Ni mara ya kwanza nimeyaona meno yake.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mvua. Marial ameuliza tena habari ya kabila. Nimesema hapana.

Jumanne, 15 Oktoba

Wafyatua matofali sita kutoka kando ya mto. Vidole vyao vimelika kama kipande cha sabuni. Nimewaosha kwa maji ya vuguvugu, nimewapaka mafuta, nimewaambia warudi Jumamosi bila kugusa udongo. Wamenicheka. Wasipogusa udongo watakula nini?

Alhamisi, 17 Oktoba

Marial tena. Hapana tena.

Jumatatu, 21 Oktoba

Siku njema. Sajini Gatwech, anayepiga picha za wanaokamatwa, amerudi kutoka likizo Nakuru alikowaacha mke na watoto wawili. Ni Mnuer mwenye mistari sita ya kwao kwenye paji la uso, na Kiswahili chake ni cha mtaani Kawangware, Nairobi, kabisa. Yeye peke yake hapa ndiye anayenichekesha.

"Sista," amesema akiweka dole, "wewe siku ukifika mbinguni utamwambia Petro aweke dole kwanza ndio uingie."

"Akikataa nitageuka nirudi."

"Na utarudi, najua. Wewe ni kichwa ngumu hadi malaika watachoka."

Jumanne, 29 Oktoba

Nimekasirika, ndiyo maana mwandiko ni mbaya.

Imeletwa fomu mpya kutoka juu, ya wafanyakazi wote. Jina, cheo, mahali unapolala, kabila. Kwenye kabila kuna orodha ya kutia alama. Makabila kumi na mawili. La kumi na tatu limeandikwa "Wengineo".

Nimeisoma mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Mdidinga hayupo. Watenet hawapo, Walopit hawapo. Karani aliyeileta akaniambia nitie alama kwa Wengineo tu, ni kitu kidogo. Kitu kidogo! Baba yangu alizikwa Kitale katika ardhi ya watu, na wiki ya mwisho ya uhai wake alikuwa akitaja vijito vya Chukudum kimoja kimoja ili nisivisahau. Mimi si Wengineo.

Fomu iko hapa mbele yangu. Sijaijaza.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimepata dawa yake. Nimekwenda kwa Marial kabla hajaja kwangu.

"Afande, kadi zitabaki kwa vidole. Lakini nitakuandikia kitabu. Kila kabila la nchi hii lina ukurasa wake, hata lenye mtu mmoja. Chini ya kabila, majina na namba za kadi. Ukishika Mtoposa unafungua Toposa, basi."

Akakuna kidevu kwa vile vidole vitatu. "Kabila yote?"

"Yote. Sitaki kuona Wengineo."

"Kweis," akasema, yaani ni vizuri. "Kweis sana. Fanya."

Nitapanga kwa alfabeti, na kwa alfabeti Didinga wanawatangulia Dinka. Hilo limenifurahisha kuliko inavyompasa mtu mzima.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimenunua daftari kubwa la jalada la kijani pale Konyo Konyo. Mama Harriet, jirani yangu wa mtaa wa Atlabara, Mganda anayeuza chakula sokoni humo, amelipima kwa mkono.

"Hii ni Biblia ama?"

"Ni zaidi, mama. Humu kila mtu yuko."

"Hata mimi iko?"

"Wewe hujawahi kukamatwa."

"Bado," akasema, akanipa ndizi ya kuchemsha.

Ijumaa, 8 Novemba

Acholi, Anyuak, Avukaya, Azande. Kadi mia sita na nane.

Alhamisi, 14 Novemba

Gatwech alikuja leo na kamera yake, akanikuta nimejaza ukurasa wa tano wa Wabari. Akasoma kidogo juu ya bega langu.

"Sista, nikuambie kitu? Nchi hii, si kila kitu unachokijua unakiandika."

"Ni kazi, Gatwech. Na ni heshima. Wewe kabila lako limo kwenye kila fomu, huwezi kujua."

"Ni kweli," akasema. "Letu limo kwenye kila fomu." Akaondoka bila mzaha wowote.

Nadhani kuna wivu kidogo. Kwa miaka miwili amekuwa yeye pekee anayesifiwa katika kitengo hiki.

Jumatano, 20 Novemba

Siku ya nane bila mvua. Nimeondoa beseni. Vumbi limeanza kuingia kwenye wino.

Jumatatu, 25 Novemba

Dinka, kurasa ishirini na tisa. Mkono umekufa ganzi. Marial amekuja kuangalia jina lake, akalisoma kwa sauti pamoja na la babu yake, kisha akarudi kuweka dole kwenye kitabu cha wageni ingawa hakuomba kadi. Nikamwambia hakukuwa na haja. "Mimi nimeangalia jina," akasema. "Sheria yako." Wino akaufuta kwenye pazia kama kawaida.

Ijumaa, 6 Desemba

Wakubwa wa serikali, Mdinka na Mnuer, wanagombana redioni. Sielewi yote na sitaki kuelewa yote. Lakini Mama Harriet ameniambia jambo ambalo limenikaa. Askari wanaokula kwake walikuwa wakikaa popote palipo wazi. Sasa, anasema, "Bench hii ni ya hawa, bench ile ni ya wale, na mimi iko katikati na sufuria." Anafikiria kwenda Krismasi kwao Jinja mapema.

Ijumaa, 13 Desemba

Nimemaliza! Kabila sitini na tatu, watu elfu nne mia moja na kumi na wawili. Marial ametia sahihi na mhuri. Wadidinga tuko kumi na mmoja, na jina langu ni la tisa.

Nimelizungusha lile daftari uwanja mzima wa polisi kama mama mwenye mtoto mchanga. Mtenet mmoja wa idara ya magari alipoona ukurasa wa kwao, wenye watu wanne tu, aliushika kwa vidole viwili akausoma tena. Hata mlinzi wa getini alitaka kujiona. Nimemwonyesha kila mtu.

Mwisho nikampelekea Gatwech. Wanuer wana kurasa kumi na nane. Akatembeza kidole hadi alipojikuta, akafunga daftari polepole.

"Umeandika vizuri sana, sista," akasema. Hakucheka.

Nimelifungia kwenye droo ya meza. Funguo ni mbili, moja yangu na moja ya Marial.

Jumatatu, 16 Desemba

Jana usiku tulidhani ni radi, lakini mvua iliisha mwezi uliopita. Ni bunduki, na leo ni mizinga. Niko sakafuni kwa Mama Harriet, magodoro yameegemezwa dirishani. Simu hazishiki. Gatwech hapokei.

Jumanne, 17 Desemba

Bado sakafuni. Mwanamke wa nyumba ya pili amerudi kutoka kutafuta maji, anasema barabarani watu wanasimamishwa na kuulizwa kabila, na Wanuer wanachukuliwa. Wengine hawaulizwi, wanatazamwa paji la uso tu.

Saa sita mchana ndipo nilipokumbuka. Nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiweka chini.

Daftari. Kurasa kumi na nane. Majina, na namba za kadi, na kila kadi ina mahali mtu anapolala, jina la mkewe, jina la mama yake. Kabati zangu zilikuwa zimefungwa kwa lugha ambayo mimi peke yangu naijua, na nikakaa wiki sita nikiwaandikia watu tafsiri yake. Nani alinituma? Sikutumwa na Marial. Marial aliomba nikakataa, akaomba nikakataa. Ni mimi niliyekwenda kwake kwa miguu yangu, kwa sababu nilitaka watu kumi na mmoja wa kwetu wawe na ukurasa.

Nalia ninapoandika haya. Gatwech alijua. Nikasema ni wivu.

Kesho lazima nifike ofisini. Likiwa bado lipo nitalichoma. Likiwa limechukuliwa, sijui.

Jumatano, 18 Desemba

Milio imepungua asubuhi. Mama Harriet amefunga sufuria zake kwenye shuka. Wenzake wamepata lori la kutoka Sherikat hadi Nimule, mpakani na Uganda. Amenishika mkono.

"Dada, twende. Hii si vita yako, si vita yangu. Hii vidole utawaachia."

"Nina kitu nimekiacha ofisini, mama."

"Kitu gani inashinda uhai?"

Nikamwambia. Akanifunga kitenge chake kichwani kama wanavyofunga wao. "Basi tembea pole pole. Mtu anayekimbia wanamuuliza."

Kizuizi kilikuwa kimoja. Kijana mwenye bunduki akaniuliza kabila. Nikasema Didinga. "Hiyo ni nini?" akasema, akanipungia nipite. Maisha yangu yote nimelichukia swali hilo, na leo ndilo lililonivusha. Nimepita nikiwa mzima na nimeona aibu hadi kwenye mifupa.

Mlango wa ofisi haukuvunjwa. Nilipofungua nikakuta droo zaidi ya hamsini ziko wazi, na Meja Marial ameketi katikati yazo kwa fulana, miwani puani, akishika kadi karibu na uso kama mtu anayenusa samaki.

Nilidhani anawatafuta Wanuer, jambo lilelile nililokuja kulizuia. Nikasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Rudisha hiyo kadi, afande."

"Serah! Wapi Gatwech?" akasema. "Siku mbili mimi natafuta. Kitabu inanipa namba, lakini namba yako ni ya mizunguko, mimi hapana jua droo. Mimi nahesabu, nahesabu, napata mtu mwingine."

"Unamtakia nini Gatwech?"

"Kadi yake. Nyumba yake imeandikwa, na simu ya mke. Yeye mwenyewe mimi nimepeleka kambi ya UN, Jumatatu, ndani ya gari yangu, chini ya gunia ya mkaa. Yeye ametupa kitambulisho ndani ya choo. Lakini kadi iko hapa, na watu wanakuja kusoma. Sasa toa, haraka, mimi nimechoka."

Nilimtazama. Kisha macho yangu yakaangukia kitabu cha wageni, kiko wazi mahali pake. Tarehe 17, dole. Tarehe 17, dole. Tarehe 18, dole, dole, dole, hadi mwisho wa ukurasa wa pili. Alikuwa peke yake katika ofisi tupu, mji unaungua, na kila alipofungua droo aliweka dole gumba kwanza.

Nikaenda droo ya arobaini na tatu, nikatoa kadi ya Gatwech. Dakika moja na nusu.

"Na daftari?" nikauliza.

Akanyanyuka kitini. Alikuwa amelikalia. "Wao walikuja jana, watu watatu. Wanasema wapi kitabu. Mimi nasema, mama ya vidole amekwenda Kenya na kitabu. Wanarudi, hawa."

Tumelichoma kwenye jiko la chai, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu daftari zima hutoa moshi mwingi. Nilibakiza ukurasa wetu hadi mwisho. Marial akaona, akageuza uso akajifanya anatafuta sukari. Nikautia. Umeungua kama nyingine.

Alhamisi, 19 Desemba

Kuchoma daftari hakukutosha. Kila kadi ina mstari wa kabila na mstari wa makazi. Mwenye subira anaweza kuzisoma moja moja. Kuzichoma zote sikubali. Hizi kadi ndizo ushahidi pekee kwamba watu elfu nne ni wenyewe.

Kwa hiyo tunatumia wino. Wino wetu hautoki kwa sabuni wala kwa miaka. Marial anashikilia kadi kwa vidole vitatu, mimi napitisha rola juu ya mistari miwili, tunaanika sakafuni. Droo kumi na sita leo.

Ijumaa, 20 Desemba

Wamekuja saa nne asubuhi. Naandika jioni.

Walikuwa watatu, sare zao zina nyuzi zilizoning'inia pale palipokuwa na majina. Mkubwa wao alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti. Alizungumza Kiarabu cha Juba. Naandika maana yake.

"Kitabu cha makabila kiko wapi?"

"Hakuna kitabu," akasema Marial.

"Kipo. Ijumaa ile mwanamke mmoja alikizungusha hapa uwanja mzima. Wengi walikiona."

Hilo lilinichoma, kwa kuwa ni kweli. Nikasimama. "Kilikuwepo. Mimi ndiye niliyekiandika na mimi ndiye niliyekichoma. Majivu yako kwenye jiko hilo."

Akatazama jiko, akatazama mikono yangu, myeusi hadi kwenye viwiko. "Basi fungua kadi. Tunazitaka za Wanuer wote."

Niliogopa. Sitajitia ushujaa hapa. Nilishika meza. Tulikuwa hatujamaliza nusu ya droo. Lakini nimefanya kazi ile miaka miwili na nusu, kila siku, kwa kila anayeingia, na mdomo wangu ulijua la kusema kabla yangu.

"Hapa hakuna 'wote'," nikasema. "Hapa mtu huomba kadi ya mtu mmoja. Na dole gumba kwanza."

Nikavuta kitabu cha wageni. Nikaandika tarehe. Nikaandika saa nne na robo. Nikawasogezea kioo chenye wino.

Mdogo wao akacheka, kisha akakoki bunduki. Mlio huo nilikuwa sijawahi kuusikia chumbani.

Marial akazunguka meza polepole. Akachovya dole gumba, akaliweka kwenye mstari wake, akalizungusha kutoka kushoto kwenda kulia kama nilivyomfundisha. "Mimi meja naweka," akasema. "Nyinyi ni akina nani msiweke?"

"Ni la nini hilo?" akauliza yule mkubwa. Aliniuliza mimi.

"Ni la aliyeomba. Jina unaweza kulitoa kwenye shati, kama mlivyoyatoa. Hili halitoki. Siku moja, hata baada ya miaka ishirini, mtu atafungua kitabu hiki, na atajua nani alisimama hapa saa nne na robo na aliomba kadi ya nani. Mimi ndiye nitakayemsomea."

Nilisikia kuku wa kambi nje. Yule mtu akatazama dole gumba lake mwenyewe, la kulia. Kisha akautia mkono mfukoni.

"Yala," akawaambia wenzake. Mdogo akapiga teke beseni la mvua lililokuwa pembeni, wakatoka.

Nilikaa chini sakafuni katikati ya kadi zinazokauka. Marial akaenda dirishani, akawaangalia mpaka wakapita geti, kisha akafuta dole lake kwenye pazia. Safari hii nilimwachia.

Jumamosi, 21 Desemba

Droo ishirini na mbili.

Jumatatu, 23 Desemba

Tumemaliza. Kadi elfu nne mia moja na kumi na mbili. Ya mwisho ilikuwa yangu. Nimepitisha rola mwenyewe.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Ujumbe kutoka kwa Mama Harriet, yuko Jinja: "Mimi iko salama. Kitenge yangu unitunzie."

Jumamosi, 11 Januari 2014

Nimeruhusiwa kuingia kambi ya UN karibu na uwanja wa ndege. Watu wamelala juu ya watu. Gatwech amekonda, mistari ya paji la uso imekuwa mirefu. Shirika moja lina nafasi yake kwenye ndege ya Nairobi, lakini hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba yeye ni yeye. Mkewe kule Nakuru amepiga simu kila mahali akidhani amefiwa.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba msamaha. Nimeyasema yote, vibaya, nikilia. Akaningoja nimalize.

"Sista, ulikosea," akasema. "Ulikosea kubwa. Lakini kadi yangu ilipatikana na nani?"

"Na mimi. Dakika moja na nusu."

"Haya basi. Toa wino."

Nikatoa kioo na rola. Akaniangalia. "Hata mimi? Si unanijua sura?"

"Sura sisomi. Dole gumba kwanza."

Hapo akacheka, kicheko kile cha Kawangware, na watu wakageuka kutazama nani anacheka mahali hapa.

Jumanne, 14 Januari

Vidole kumi vimelingana na kadi, vyote. Nimeandika cheti, Marial ametia sahihi na mhuri, na yeye ndiye aliyeniendesha hadi kambini. Hakuingia. Alisema watu wa ndani wakimwona wataogopa, na wana haki. Alibaki garini nje ya geti.

Gatwech alikisoma cheti mara mbili. Palipoandikwa "kabila" nimechora mstari mweusi kwa rola. Akapitisha kidole juu yake.

"Mzee yuko?"

"Yuko pale nje."

Akasimama juu ya dumu la maji ili aone juu ya uzio, akainua mkono. Sijui kama Marial alimwona. Taa za gari ziliwaka mara moja, mchana kweupe.

Nilipoinama kufunga mkebe wangu nikakuta watu wamejipanga. Habari ilikuwa imepita mahemani kwamba kuna mama anayerudishia watu majina. Walifika mia, mia mbili, wote wametupa vitambulisho vyao au wamenyang'anywa. Nilikuwa na kadi tupu sitini.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwenye kiko. Akaketi mbele yangu, akajiweka sawa, akaanza kama sisi sote tulivyofundishwa kuanza: kabila lake, ukoo wake, baba wa baba yake. Gatwech alikuwa akinitafsiria. Mimi nilikuwa bado sijashika kalamu.

Bibi akanyamaza, akaudhika. "Huandiki?"

"Siandiki hilo, bibi."

"Basi unataka nini kwangu?"

"Mkono," nikasema. "Wa kulia."

Akanitazama, akatazama wino, akanipa yote miwili.